Oili Nzito na Haki ya Mnunuzi

Mtu mwenye gari kuukuu, akiisha kuazimia kuliuza, aghalabu hupewa na fundi au dalali shauri moja ambalo hutamkwa kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba halina uzito wowote mbele ya dhamiri: amwage oili iliyomo, atie iliyo nzito zaidi, moshi upungue na mlio wa vyuma unyamaze, kisha ndipo amwite mnunuzi. Je, shauri hilo ni halali? Naliona swali hili kuwa kubwa kuliko linavyodhaniwa, kwa sababu oili ile ile, katika injini ile ile, yaweza kutiwa na mwadilifu kwa maslahi ya mashine na ikatiwa na laghai kwa madhara ya mwenzake, wala kijiti cha kupimia hakitaonyesha tofauti baina ya wawili hao.

Kabla ya kuhukumu hatuna budi kukijua kitu chenyewe. Kazi ya kwanza ya oili ni kutandaza utando mwembamba baina ya vyuma viwili vinavyopitana, ili visigusane. Na nguvu ya utando huo hutegemea uzito wa oili, joto la injini, na nafasi iliyopo kati ya chuma na chuma. Nambari zilizoandikwa juu ya kopo, ambazo asili yake ni kanuni za SAE, jumuiya ya wahandisi wa magari wa Marekani, tangu mwaka 1911, si fumbo kwa anayezisoma kwa utulivu: katika 20W-50, nambari ya kwanza yenye herufi W yahusu wepesi wa oili wakati wa baridi, na ya pili yahusu uzito wake injini ikisha kupata moto, kwa kipimo cha nyuzi 100 za Selsiasi. Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, ambako alfajiri haijui barafu, nambari ya kwanza haitishi. Ya pili ndiyo yenye neno.

Sasa, injini iliyofanya kazi miaka mingi ringi zake zimelika, kuta za silinda zimepanuka na beringi zimelegea, na oili nyepesi kama 0W-20, iliyotengenezwa kwa injini mpya zenye nafasi finyu, hupenya humo pasipo kizuizi, ikapanda hadi chumba cha moto, ikaungua na kutoa moshi wa samawati. Kuipa injini ya namna hiyo 20W-50 si hila. Land Rover nyingi za miaka ya 1970, katika nchi za joto, zilitumia uzito huo zingali mpya. Wala oili iliyo mpya zaidi kwa daraja si lazima iifae injini ya kale. Katika oili mna kemikali ya zinki na fosforasi inayokinga vyuma visuguanavyo chini ya mkandamizo mkubwa, hasa pale kamshafti ya injini za zamani inaposugua tapeti zenye uso bapa. Lakini fosforasi hiyo, ikitoka na moshi, hukiharibu chombo cha kusafishia moshi katika magari ya kisasa, na kwa sababu hiyo daraja la SM la mwaka 2004, la API, yaani taasisi ya petroli ya Marekani, liliipunguza katika oili nyepesi za petroli hadi isizidi asilimia 0.08. Daraja hilo halikukosea. Lilihukumu kwa haki ya injini nyingine. Mwenye gari kuukuu anayejali hutafuta oili inayoikumbuka injini yake, na kutafuta huko mimi nakuhesabu kuwa sehemu ya kutunza amana.

Lakini hakuna oili irudishayo chuma kilicholika. Ikizidishwa uzito kupita haja, au ikichanganywa na dawa nzito zinazouzwa kwa chupa ndogo, injini hutulia kwa siku chache: hupunguza kugonga, hupunguza moshi, na mshale wa kanieneo ya oili hupanda japo pampu ni ile ile iliyochoka. Nyuma ya utulivu huo madhara huendelea, kwa maana oili nzito mno huchelewa kufika juu ya injini kila inapowashwa asubuhi, na katika kuchelewa huko kamshafti hujisugua kavu. Hapa ndipo oili inapoacha kuihudumia injini, ikaanza kuihudumia sura yake mbele ya watu.

Waislamu wa pwani, walio wengi wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, wanayo katika fikihi yao mas'ala ya kale yanayolingana na haya kwa ukaribu wa ajabu. Mtume alimkataza muuzaji kukifunga kiwele cha ngamia au mbuzi na kuacha kumkama kabla ya kumpeleka sokoni, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani kwamba maziwa ndivyo yalivyo mengi kila siku. Na aliyemnunua mnyama wa namna hiyo akapewa hiari, akiisha kumkama na kuijua hali yake, ama kubaki naye, ama kumrudisha pamoja na pishi ya tende. Muuzaji huyo huenda hakusema uongo hata neno moja. Hakuapa wala hakusifu. Ulimi wake ulinyamaza na kiwele ndicho kilichonena badala yake, na sheria haikuukubali unyamavu huo kuwa udhuru.

Hata hivyo ulinganisho huu una mpaka, na mpaka wenyewe ndio ninaotaka msomaji aukazie macho. Kufungwa kiwele hakumfai mnyama kitu, ilhali oili nzito yaweza kuifaa injini. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwa mkato kwamba kila abadilishaye oili kabla ya kuuza ni mdanganyifu. Kipimo ninachokiona ni hiki: je, angeitia oili hii lau angekusudia kuliendesha gari hilo yeye mwenyewe, na jamaa zake wamo ndani, kwa mwaka mzima ujao? Akijibu naam kwa ukweli, basi oili yake ni halali. Lakini hata huyo hajamaliza wajibu wake, maadamu injini bado ni mbovu na mnunuzi anaisikia ikinguruma kama nzima.

Yupo atakayejibu kwamba mnunuzi ni mtu mzima, ana macho, na anaweza kuja na fundi wake. Tena bei ya gari kuukuu imekwisha kushushwa kwa sababu ya ukuukuu wake. Hoja hii ningeiheshimu kama jicho la fundi lingeachwa huru. Oili nzito hutiwa makusudi ili fundi huyo asione moshi wala asisikie kugonga, na bei iliyoshushwa ni bei ya uchakavu unaojulikana, si ya ule uliositiriwa. Wala hasara si ya fedha tu, kwa kuwa injini itakayokwama itakwama mlimani Kitonga, na watu wamo garini.

Wapo pia wauzao kwa sharti kwamba gari likishatoka mlangoni halirudi. Wanavyuoni wa Kishafi walilipima sharti kama hilo zamani, na kauli yao yenye nguvu ni kwamba humwondolea muuzaji dhamana ya kasoro za namna moja tu: zilizofichika ndani ya mnyama, na ambazo yeye mwenyewe hakuzijua. Gari si mnyama, na oili nzito haiwezi kuwa siri kwa aliyeitia.

Linabaki jambo la fundi, ambaye aghalabu hujiona yu nje ya mauzo, maadamu alilipwa ujira wake na gari si lake. Imamu Nawawi, katika madhehebu hayo hayo, aliuona wajibu wa kubainisha kasoro kuwa unamfika hata asiye muuzaji, ikiwa anaijua na mnunuzi haijui. Basi fundi akiulizwa na mnunuzi, na hata asipoulizwa, ana maneno ya kusema: oili gani ilikuwamo, ipi imetiwa na lini, na injini hula kiasi gani kabla ya kumwagwa tena, naye mnunuzi, akiisha kuyasikia hayo na bado akalitaka gari, alichukue kwa bei watakayoridhiana.