Mpaka wa Wajibu wa Mtoaji

Mtu atoaye kitu bure ana wajibu gani kwa aliyekipokea, na wajibu huo hudumu kwa muda gani? Swali hili ni la kale. Mtu amewachimbia jirani zake kisima bila ya kutaka malipo. Miaka ikipita na kuta za kisima zikianza kubomoka, ni nani apaswaye kuzijenga tena? Wako watakaosema kuwa ni mchimbaji, kwa sababu ndiye aijuaye kazi yake. Wako watakaosema kuwa ni wanywaji, kwa sababu ndio wanufaikao. Katika zama zetu swali hili limevaa vazi jipya, nami napenda kulitazama katika vazi hilo: jamii za watu watengenezao mifumo huria ya kuendesha kompyuta zapaswa kuyahudumia matoleo yao ya zamani kwa muda gani?

Yafaa tuelewane kwanza juu ya jambo lenyewe. Mfumo wa uendeshaji ni programu kuu ambayo bila yake kompyuta ni sanduku tu lisilo na kazi. Mfumo ulio huria ni ule ambao maandishi yake ya asili yamewekwa wazi, na kila mtu amepewa ruhusa ya kuyasoma, kuyabadili na kuyagawa. Linux, aliyoianza Linus Torvalds mjini Helsinki mwaka 1991, ndiyo kiini cha mifumo mingi ya namna hiyo. Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, ni mojawapo ya jamii zinazokichukua kiini hicho, zikakiunganisha na maelfu ya programu nyingine, na kutoa kitu kimoja kilicho tayari kutumika. Kila baada ya muda hutoka toleo jipya, na lililokuwa jipya jana huitwa la zamani leo.

Lakini toleo la zamani halifi siku hiyo. Limo bado katika kompyuta za maktaba, za maduka, za hospitali na za vyuo, na nyufa zake zaendelea kugunduliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika kompyuta ufa usiozibwa ni mlango wa mwizi. Kuuziba nako si kazi nyepesi kama idhaniwavyo. Kiraka hushonwa kwanza kwa ajili ya toleo jipya. Kukirudisha katika toleo la miaka mitano iliyopita ni sawa na kukikata upya, maana nguo yenyewe si ile tena. Hana budi mshonaji kusoma maandishi ambayo waandishi wake wamekwisha kuyasahau, akatie kiraka, kisha ajaribu tena na tena kisije kikachana mahali pengine. Wala kazi hii haina sifa. Watu humsifu aliyebuni kitu kipya. Ni nadra kumshangilia mtu aliyezuia balaa lisitokee. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Wako wasemao kuwa mtoaji hadaiwi kitu. Hoja yao ni kwamba leseni za programu huria husema wazi kuwa programu hutolewa kama ilivyo, bila ya dhamana. Aliyeipokea aliyakubali masharti hayo, hakutoa hata senti moja, na leo hawezi kuja na madai. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na ni vema iwe wazi kwa kila atumiaye jasho la mwingine: asiyelipa hana haki ya kuamuru. Walakini naona kuwa imechanganya deni la sheria na deni la uungwana. Leseni humwokoa mtoaji mbele ya hakimu. Haimwokoi mbele ya dhamiri. Mtu asemaye, «Njoni mkitegemee kitu changu», amewafanya wenziwe waache kutegemea kingine. Wamejifunza njia zake, wamehifadhi humo hesabu zao na kumbukumbu zao, wamejenga juu yake. Hakuchukua fedha zao, lakini amechukua imani yao, na imani si kitu cha bure.

Wako tena wasemao kinyume cha hayo, kuwa toleo lihudumiwe maadamu yuko hata mtu mmoja alitumiaye. Hii ni hoja ya huruma, na huruma ni sifa njema. Lakini huruma kwa mpokeaji ikipita kiasi hugeuka ukatili kwa mtoaji. Linux yenyewe ilizaliwa katika kompyuta yenye chipu ya 386 ya kampuni ya Intel, iliyotangazwa mwaka 1985. Desemba 2012 waandishi wa Linux waliondoa msaada wa chipu ile ile iliyowalea, kwa sababu kila walipotaka kurekebisha sehemu fulani za kiini walilazimika kufanya kazi ya ziada kwa ajili yake. Huo si utovu wa shukrani. Umri wa mtu una mpaka, na saa aitumiayo kukitunza kilichokwisha kuachwa na karibu watu wote huiondoa katika kile kinachotegemewa na walio wengi.

Tena mtoaji aliyechoka ni hatari kwa wote. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua kuwa katika xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo katika mifumo mingi ya Linux, mlikuwa mmetiwa kwa siri mlango wa nyuma. Kwa miaka mingi programu hiyo ilikuwa ikitunzwa hasa na mtu mmoja, bila ya malipo, naye alikuwa amekwisha kusema hadharani kuwa nguvu zake zimepungua. Aliyemjia kama msaidizi, akajipatia imani yake polepole, ndiye aliyetia sumu hiyo. Wale waliokuwa wakimhimiza mtunzaji huyo aharakishe kazi hawakumuuliza ni nani atakayemtwisha na nani atakayemtua. Kwa hiyo anayedai huduma isiyo na mwisho hadai usalama, ingawa ndivyo adhanivyo. Anadai kuwa mlinzi asilale kamwe.

Ikiwa mtoaji hana uhuru wa kuondoka wakati wowote apendao, wala hana wajibu wa kukaa milele, basi mpaka uko wapi? Mimi nasema mpaka umo katika neno alilolisema mwenyewe. Kabla ya kutaja muda yu huru kuchagua, akishautaja, amejifunga. Ahadi ni deni, na methali hiyo haikusema kuwa ahadi ya bure si deni.

Jambo hili lilionekana dhahiri katika kisa cha CentOS. Huu ulikuwa mfumo wa bure uliopendwa kwa sababu ya maisha yake marefu. Mtu aliuweka katika seva yake akijua kuwa angeweza kukaa nao karibu miaka kumi. Toleo lake la 8 lilitoka Septemba 2019, na watumiaji walielezwa kuwa litahudumiwa hadi mwaka 2029. Desemba 2020 uongozi wa mradi ukatangaza kuwa huduma ya toleo hilo itakoma mwishoni mwa mwaka 2021, na kwamba nguvu zitaelekezwa katika mfumo mwingine wa ukoo huo huo. Toleo la 7, lililo kongwe zaidi, likaachiwa muda wake hadi Juni 2024. Basi waliokawia katika la zamani wakabaki salama, na waliofanya bidii kuhamia jipya, wakiitegemea tarehe iliyotajwa, ndio waliopatwa. Watu walikasirika sana, na wengine waliwacheka: «Mnalilia kitu msichokilipia!» Lakini hawakulilia kitu, walililia neno. Kama wangaliambiwa tangu mwanzo kuwa toleo litaishi miaka miwili, wasingalikuwa na neno la kusema. Wangalichagua kwa macho yaliyo wazi.

Kisa hicho kina upande wa pili ulio wa faraja. Kwa kuwa maandishi yalikuwa wazi, walitokea watu wengine wakayachukua na kuanzisha Rocky Linux na AlmaLinux, ili waendeleze kile kilichokatizwa. Hapa ndipo programu huria inapotofautiana na bidhaa ya dukani. Muuzaji akifunga duka, ufunguo huenda naye. Mtoaji huria akiondoka, ufunguo hubaki mlangoni, na yeyote mwenye nguvu aweza kuingia na kuendelea.

Mwenye nguvu, nasema. Neno hilo halituachi tulale. Tuichukue shule yenye kompyuta kumi na tano kuukuu zilizotolewa sadaka, na mwalimu mmoja azitunzaye baada ya vipindi vyake. Debian toleo la 13, lililotoka Agosti 2025, halikuja na kiini wala programu ya kuuweka mfumo katika kompyuta za biti 32 za nasaba ya Intel. Mwalimu huyo ana ruhusa kamili ya kuyachukua maandishi na kuendelea peke yake; lakini ruhusa ya kuinua jiwe si mkono wa kuliinua. Kumwambia kuwa yu huru kujitunzia mfumo ni kweli isiyomsaidia. Hata hivyo silaumu walioamua hivyo, maana mashine hizo ni kongwe na wapimaji wake wamekuwa wachache. Ninachosema ni kwamba mwalimu huyo anastahili kupewa kile kisichowagharimu watoaji sana: kuambiwa mapema, kuonyeshwa njia ya kutokea, na kupewa muda unaolingana na mwendo wake, si mwendo wa mhandisi.

Muda huo wapimwaje? Naona kipimo chema si idadi ya miaka bali ni nafasi ya mtu mzito kuvuka. Mtu aweze kuliacha toleo moja lipite bila ya kuhama, na linalofuata likitoka apate nafasi ya kujiandaa. Fedora, ambayo hutoa toleo takriban kila baada ya miezi sita, hulihudumia kila moja kwa muda wa miezi kumi na mitatu hivi. Kwa hiyo mtumiaji huweza kuruka toleo moja na kubakiwa na mwezi wa kuhama. Debian hutoa toleo takriban kila miaka miwili. Miaka mitatu ya kwanza hutunzwa na jamii yenyewe, na tangu mwaka 2014 kikundi kingine huongeza muda hadi kufika miaka mitano, kwa fedha zinazochangwa na mashirika yanayouhitaji muda huo. Mpango huu wanipendeza, kwa sababu hauwatwishi waliochoka, na unawaambia wanufaikao: mkitaka kisima kidumu zaidi, leteni mawe.

Sisi wanufaika, basi, tuna sehemu yetu. Chuo kinachoendesha maktaba yake yote kwa mfumo wa bure, kisijue tarehe ya mwisho wa toleo lake, wala kisitoe hata ripoti moja ya kasoro, hakina haki ya kupiga kelele siku ya mwisho ikifika. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tumekaa katika nyumba hii miaka ishirini, na jembe bado limeegemea ukutani.

Mwaka 2004 ulitokea mfumo mwingine wa ukoo wa Debian, nao ukapewa jina la Ubuntu, neno la lugha za kusini mwa Afrika ambalo kwa Kiswahili ni utu. Kwa asemaye Kiswahili jina hilo halihitaji mkalimani, na ndani yake nauona mpaka tunaoutafuta. Utu haumtaki mtoaji afe akiwa kazini. Wamtaka aseme kweli juu ya siku atakayoondoka, asiirudishe nyuma siku hiyo baada ya kuitaja, na akiondoka auache ufunguo mlangoni. Nao wamtaka mpokeaji aihesabu siku hiyo kabla haijafika.