Deni la Maiti Kabla ya Heshima Yake

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, tumeulizwa suala katika darasa letu, nasi twaona yatupasa kulijibu hapa ili faida yake iwaenee wengi. Kila mwaka, ifikapo tarehe 11 Novemba au Jumapili iliyo karibu nayo, askari wastaafu wa nchi yetu hukusanyika penye makaburi ya vita. Huvaa nishani zao, tarumbeta hupigwa, watu husimama kimya dakika mbili, mashada ya maua huwekwa, kisha wazee huketi pamoja wakaulizana habari za wenzao. Mwanafunzi mmoja, ambaye babu yake alikuwa askari wa keya, alitaka kujua: Je, yafaa kuhudhuria? Mwenzake akamjibu kabla yetu: "Wafuata nini huko? Wale walimpigania mkoloni, na vita vyenyewe havikuwa vyetu."

Maneno haya yataka kupimwa, kwani yamechanganya mambo mawili: kuvisifu vita, na kuitambua haki ya mtu aliyekufa vitani.

Ama vita, hatuna haja ya kuvisifu. Vita vya 1914 viliwakuta watu wa Afrika ya Mashariki chini ya Mwingereza na Mjerumani, wala hawakutakwa shauri. Wapagazi walikusanywa kwa maelfu, wengi wao kwa nguvu, wakabebeshwa chakula na risasi; na waliouawa na maradhi, njaa na uchovu ni wengi kuliko waliouawa na bunduki. Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zabeba jina la kikosi chao hata leo. Hata tarehe yenyewe si yetu barabara: bunduki zilinyamaza Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, lakini jemadari wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, hakuweka silaha chini ila tarehe 25, huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala, katika Zambia. Vikaja vita vya pili, vijana wetu wakapelekwa hata Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyong'oa nanga Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, wakafa watu karibu 1,300. Na asemaye kwamba keya walitumiwa pia juu ya ndugu zao wakati wa Mau Mau asema kweli, nasi hatulifichi hilo.

Lakini je, ubaya wa aliyetuma wafuta haki ya aliyetumwa? Twasema: la. Mtu akimwajiri kijana kuchimba kisima, kisima kikamfukia, hakuna kadhi atakayewanyima watoto wake ujira kwa hoja kwamba mwenye kisima alikuwa dhalimu. Bali dhuluma ya mwajiri yazidisha deni, haipunguzi. Na ikiwa kijana huyo alimdhulumu mtu kwa mkono wake, hiyo ni hesabu nyingine, naye ataulizwa yeye. Hesabu mbili haziandikwi katika safu moja.

Hapo ndipo twafika kwenye kiini cha suala. Wanazuoni wametupokelea kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni la dinari mbili, akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada alipojitwika deni lile. Tafakari, ewe msomaji. Sala ya Mtume ni heshima ambayo haina mfano, nayo ilisimamishwa kwa dinari mbili! Na Mwenyezi Mungu alipomfungulia Mtume wake riziki, akawa yeye ndiye alipaye madeni ya maiti wasioacha kitu. Basi utaratibu ni huu: kwanza deni, kisha heshima, na asiye na wa kumlipia, mwenye kutawala ndiye mlipaji wake.

Sasa tuipime kumbukumbu ya askari kwa mizani hii. Sanamu za askari zilizosimamishwa Nairobi na Mombasa baada ya vita vya kwanza zina maandishi ya lugha tatu, Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza, yanayoahidi kwamba watoto watalikumbuka jina la aliyekufa. Ahadi njema, lakini zunguka jiwe lile pande zote, hutaona jina hata moja. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilikiri yenyewe kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa vita vya kwanza, walio wengi wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, na wengine huenda hawakukumbukwa kabisa. Na yumkini idadi yafika 350,000. Zaidi ya miaka 100 ilipita kabla ya neno hilo kutamkwa.

Tena, makaburi ya vita ya Nairobi yako barabara ya Ngong, wala si mbali na Kibra. Huko Kibra, mwanzoni mwa karne ya 20, waliwekwa askari wa Kinubi, Waislamu, wazee wa keya, na mwaka 1918 ekari 4,197 zilitangazwa rasmi. Hawakupewa hati. Wajukuu wao wakaishi nchini kama wageni, wakisumbuliwa hata katika kupata vitambulisho. Hati ilikuja mwaka 2017, nayo ni ya ekari 288. Je, mtu aweza kusimama kimya dakika mbili kwa ajili ya babu, huku kwa mjukuu amenyamaza miaka 99?

Lakini tusiwanyoshee wengine kidole tukajisahau nafsi zetu. Sisi nasi hufanya khitima, tukapika pilau, tukatandaza majamvi, ilhali deni la marehemu halijalipwa na mirathi ya mayatima imo mikononi mwa ami yao. Na ni wangapi kati yetu wajuao jina kamili la babu aliyekwenda vitani, na pale alipozikwa? Tukilaumu jiwe lisilo na majina, na sisi wenyewe hatuna daftari, lawama yetu ni nusu.

Basi jawabu letu kwa mwanafunzi ni hili: Nenda. Kusimama kimya si ibada, usikufanye ibada. Wala hukulazimishwa kuvisifu vita. Amkia wazee, kaa nao, waulize majina ya wenzao, uyaandike kabla hawajaondoka nayo. Mjane wa askari akiwa na haki yake ofisini, nenda naye ukamsomee karatasi. Kisha waombee Waislamu waliokufa dua, uwatolee sadaka, kwani hayo ndiyo yanayowafikia. Tarumbeta huishia hewani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaolipa kabla ya kusifu, na awarehemu wale ambao majina yao yamepotea kwetu na hayakupotea kwake. Amin.