Mwashi Ugenini

Mtu ahamapo huchukua nguo, sanduku na akiba yake, na vitu hivyo huwa mali yake ng'ambo kama vilivyokuwa mali yake nyumbani. Ustadi wa mikono nao huhama pamoja naye, maana hauna mahali pa kuachwa. Walakini hiyo ndiyo mali ambayo mwenyewe huambiwa afikapo kwamba hana, hadi mtu mwingine akiri kuwa anayo. Mwashi wa Tanga aliyejenga kwa miaka 15 hufika kwenye kazi ya ujenzi Uarabuni, akaonyesha cheti chake, akajibiwa kuwa cheti hicho hakijulikani. Je, amedhulumiwa?

Haraka ya kujibu itaharibu jambo, kwa kuwa anayemtilia shaka mgeni ana haki ya kufanya hivyo. Nyumba hukaliwa na watu wasiojua zege lilichanganywaje wala nondo zilifungwaje. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka, likaua watu zaidi ya 30. Sababu za maafa ya namna hiyo aghalabu ni nyingi kuliko mkono wa mwashi. Lakini aliyekiona kifusi kile hawezi kuilaumu nchi yo yote kwa kuuliza mgeni alijifunza wapi.

Tena karatasi yenyewe si shahidi mwepesi kueleweka. Katika majaribio ya ufundi ya zamani Tanzania, daraja la tatu lilikuwa la chini na la kwanza lilikuwa la juu. Katika vyeti vya VETA vilivyofuata, hatua ya tatu ndiyo ya juu. Tarakimu moja, maana mbili. Na karani wa mbali, asiyejua tofauti hiyo, aweza kumshusha bingwa au kumpandisha mwanafunzi bila nia mbaya.

Lakini shaka ina deni. Ye yote aliye na haki ya kusema "sikuamini" ana wajibu wa kusema pia "nionyeshe". Na katika uashi kuonyesha si kazi kubwa: matofali, mwiko, kamba, timazi na pima maji, na pembe moja ya ukuta, kabla ya adhuhuri msimamizi mjuzi amekwisha jua. Saudia ilianzisha mwaka 2021 mpango wa kuhakiki ujuzi wa wafanyakazi wa kigeni kwa mtihani wa maandishi na wa vitendo, basi haisemeki kuwa jambo hilo haliwezekani. (Mtihani wa maandishi, kwa mtu aliyejifunza kwa kutazama mkono wa mjomba wake, ni shauri jingine.)

Hata karibu na nyumbani njia haijanyooka. Katika Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, nchi wanachama ziliahidi kutambuliana sifa za elimu na za taaluma, pamoja na uzoefu. Wasanifu majengo walipata mapatano yao mwaka 2011, wahandisi mwaka 2012. Mwashi hakuwamo katika mapatano hayo. Sababu yafahamika: mhandisi ana bodi inayomwandikisha na kumsemea, na mwashi hana ila watu wanaolala katika nyumba alizozijenga. Hata hivyo mhandisi avukaye mpaka na mchoro wake hawezi kuusimamisha bila mkono wa huyo asiyejulikana.

Dhuluma yenyewe huanza baadaye, na huanza kimya. Mgeni ambaye cheti chake kimekataliwa huandikwa kibarua, hupangiwa ujira wa kibarua, na juma la pili hukabidhiwa mwiko. Msimamizi ameuona mkono wake. Humpa pembe, humpa lipu ya chumba cha mbele, humwita wengine waharibupo. Hapo shaka imekwisha kufa, ila katika daftari la mishahara. Kama ni hatari kumwamini, asishike mwiko. Kama si hatari, alipwe ufundi. Kumwamini ukutani na kumshuku maliponi ni kuchukua kitu cha mtu huku akiambiwa kwamba hakuwa nacho. Usalama wa wakaaji, ambao ni hoja nzuri, umegeuzwa kisingizio.

Husemwa kuwa aliridhia, kwani alitia sahihi mkataba uliomwita kibarua. Ni kweli alitia. Alitia akiwa na deni la nauli mgongoni na watoto nyuma yake, na aliyemsogezea kalamu alijua. Ridhaa ya namna hiyo yaweza kumfunga yeye mbele ya hakimu. Haimtakasi anayefaidika nayo.

Wala hasara haiishi siku ya malipo. Baada ya miaka 4 mwashi hurudi Tanga, mkono wake umezidi ustadi. Akitaka kupanda daraja huulizwa athibitishe kazi alizozifanya ng'ambo. Hutoa barua ya mwajiri, yenye muhuri safi, na barua yasema kwamba kwa muda wote huo alikuwa kibarua.