Wino Ungalipo, Mate ya Nini?

Wazee walituusia tusiandikie mate na wino ungalipo. Usia huu ni mwepesi kwa mtu ambaye wino umewekwa mbele yake, achovye, aandike. Mtihani unamfika yule ambaye wino wake uko njiani, ameahidiwa siku ya kuupata, na vidole vinamwasha. Huyo ndiye atakayeonyesha kama ana busara au ana hamu tu.

Katika zama zetu watu wa namna hiyo ni mashabiki wa filamu za mashujaa wa katuni, na ni vigumu kumtaja shujaa aliyewatia mashabiki wake katika mtihani huo mara nyingi kama Batman, yule mtu-popo wa mji wa Gotham. Alitokea kwanza mwaka 1939 huko Marekani, katika toleo la 27 la jarida la Detective Comics. Tangu hapo ameingia kwenye sinema na televisheni kwa sura za waigizaji wengi, na mara kwa mara sura mpya imepokewa kwa ugomvi kabla haijaonekana.

Miaka hii mashabiki wake wamo kwenye kungoja tena. Mwongozaji Matt Reeves alitoa The Batman mwezi Machi 2022, Robert Pattinson akiwa ndani ya vazi la popo. Sehemu ya pili iliahidiwa kutoka Oktoba 2025, ikasogezwa hadi Oktoba 2026, kisha hadi Oktoba 2027. Muda kama huo hauziachi ndimi zipumzike. Jina la mwigizaji likinong'onwa tu, tayari ana wanaomtaka na wanaomkataa. Picha moja ya gizani ikivuja, watu wanapima urefu wa masikio ya kofia na kutoa hukumu juu ya filamu nzima.

Mambo haya si mageni. Mwaka 1988 kampuni ya Warner Bros. ilitangaza kwamba Michael Keaton ndiye atakayekuwa Batman katika filamu ya mwongozaji Tim Burton. Keaton alikuwa mtu wa vichekesho, anayejulikana kwa filamu kama Mr. Mom na Beetlejuice. Hakuwa na kifua kipana wala taya la kishujaa. Mashabiki waliwaka. Barua za kupinga, zinazokadiriwa kufikia 50,000, ziliishukia studio, na gazeti la Wall Street Journal likaiona ghasia hiyo kuwa habari ya kuandikwa. Studio ikalazimika kutoa kionjo mapema ili kupoza nyoyo, na yasemekana wako waliolipa kiingilio cha filamu nyingine, wakatazama kionjo hicho tu, kisha wakaondoka.

Tarehe 23 Juni 1989 wino ukafika. Watu walijaa kwenye majumba ya sinema, na filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 400 duniani kote. Yule mchekeshaji aliyekataliwa akawa kipimo ambacho waliomfuata walipimiwa nacho. Zile barua zilikuwa zimeandikwa kwa mate.

Ungedhani funzo lingeshika. Mwaka 2006 mwigizaji Heath Ledger alipotangazwa kuwa Joker, adui wa Batman, kejeli zilirudi: kijana mzuri wa sura, wa filamu za mapenzi, ataweza wapi kuwa mwovu wa kutisha? Ledger alifariki Januari 2008. Filamu yenyewe, The Dark Knight, ikatoka Julai mwaka huohuo, na mwaka 2009 familia yake ikapokea kwa niaba yake tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi bora. Wengi wa waliomdhihaki akiwa hai walimpa sifa zake akiwa marehemu. Mwaka 2019 ikaja zamu ya Pattinson. Kosa lake lilikuwa kwamba enzi za ujana wake aliigiza mnyonya damu katika Twilight. Naye alikataliwa kabla hajatamka neno hata moja, na leo baadhi ya sauti zilezile zinalalamika kwamba anacheleweshwa.

Hata hivyo, mwenye busara hamwoni shabiki kuwa mpumbavu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mashabiki wa mwaka 1988 walikuwa wameumwa. Kuanzia 1966 hadi 1968 televisheni ya Marekani ilionyesha mfululizo wa Batman wa Adam West, wenye rangi kali na mzaha mwingi, ambamo kila ngumi ilipotua neno kubwa la kishindo liliruka kwenye kioo. Watoto waliupenda. Lakini kwa wasomaji waliomjua Batman kama mtu wa huzuni aliyeshuhudia wazazi wake wakiuawa, ule ulikuwa udhalilishaji, na kwa miaka ishirini mtu yeyote akilitaja jina hilo watu walicheka. Mchekeshaji alipotangazwa tena, waliona nyoka.

Miongoni mwa walioudhiwa na kicheko hicho alikuwa kijana mmoja aitwaye Michael Uslan. Yeye alichagua njia nyingine ya kuonyesha upendo wake. Alisoma, akafundisha somo la vitabu vya katuni katika Chuo Kikuu cha Indiana, akasomea sheria, na mwaka 1979, pamoja na mwenzake Benjamin Melniker, akanunua haki ya kutengeneza filamu ya Batman. Studio moja baada ya nyingine zilimfungia mlango, hazikuona nani atamtazama mtu-popo asiyechekesha. Filamu ilitoka baada ya miaka kumi. Hata Uslan alipoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba Burton anamtaka Keaton, alishtuka kama wenzake. Tofauti ni kwamba aliuliza sababu na akasikiliza jibu. Subira yavuta heri, lakini subira ya Uslan haikuwa ya kukaa kitako na kunung'unika. Alingoja akifanya kazi.

Sisi nasi tusijifanye watakatifu. Msimu wa usajili ukifika, mara ngapi mchezaji mpya wa Simba au Yanga amehukumiwa vijiweni kuwa ni galasa kabla hajagusa mpira uwanjani, kisha waliomhukumu wakavaa jezi yenye jina lake? Ulimi unaotangulia macho haujui bahari wala mpaka.

Lakini swali gumu lingalipo. Je, shabiki anyamaze kabisa? Apokee kila atakachotupiwa na studio kwa sababu tu hajakiona? Hapana. Busara ya wazee haimfundishi mtu kuwa bubu. Inamfundisha kujua wakati ambapo neno lake lina uzito.

Tazama yaliyotokea mwaka 1997. Miaka miwili kabla yake, Batman Forever ya mwongozaji Joel Schumacher ilikuwa imeingiza zaidi ya dola milioni 330. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Studio ikaharakisha filamu nyingine, Batman & Robin, yenye nyota wakubwa na rangi za kung'aa, ikiwa na jicho moja kwenye hadithi na jingine kwenye maduka ya vitu vya kuchezea watoto. Safari hii watu waliingia, wakatazama, wakatoka wamekasirika, na wakasema. Mapato yalishuka hadi karibu dola milioni 238 kwa filamu iliyogharimu fedha nyingi zaidi ya zilizotangulia. Filamu iliyokuwa ikipangwa kufuata ilifutwa. Batman alipumzishwa kwa miaka minane, hadi Christopher Nolan alipomrudisha kwa heshima katika Batman Begins mwaka 2005. Schumacher mwenyewe baadaye aliwaomba radhi hadharani mashabiki waliovunjika moyo.

Linganisha sasa. Maelfu ya barua za mwaka 1988 hazikumwondoa Keaton, na ni heri hazikumwondoa. Hukumu ya 1997 ilibadili mwenendo wa studio nzima. Ya kwanza ilitolewa juu ya kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona. Ya pili ilitolewa na mashahidi.

Iko kazi nyingine ya sauti ya shabiki, nayo ni adhimu kuliko kuchagua nani avae vazi gani. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Batman anaelea kwenye bahari ya fedha na umaarufu, nani alimuunda? Kwa zaidi ya miaka sabini jibu rasmi lilikuwa jina moja: Bob Kane, mchoraji. Ndivyo mkataba wake ulivyotaka. Lakini mchoro wa kwanza wa Kane ulikuwa wa mtu mwenye nguo nyekundu na mabawa magumu mgongoni. Mwandishi Bill Finger ndiye aliyeshauri kofia yenye masikio, joho badala ya mabawa, glovu, na rangi za giza. Ndiye aliyeandika hadithi ya kwanza, na ndiye aliyetoa jina halisi la Batman, Bruce Wayne, na jina la mji wa Gotham. Jina lake halikuwekwa popote kama muumba. Alifariki mwaka 1974 bila kutajwa katika filamu yoyote ya Batman, na filamu ya 1989, ile iliyozua barua zote zile, nayo haikumtaja kama muumba. Katika maelfu ya barua hizo hoja ilikuwa taya la Keaton. Haki ya Finger haikuwa sababu ya ghasia.

Hata hivyo wako mashabiki waliojua pa kuelekeza sauti. Mwaka 1965 Finger alizungumza mbele ya mkutano wa wapenzi wa katuni jijini New York, na shabiki aitwaye Jerry Bails akaandika makala kueleza mchango wake. Kane alikasirika na kukanusha kwa barua. Lakini neno lilikuwa limekwisha kuandikwa, na wengine wakalichukua. Kane naye, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1989, alikiri kwamba Finger hakupewa alichostahili. Miaka mingi baadaye mwandishi Marc Tyler Nobleman alifanya utafiti wa maisha ya Finger, akamtafuta mjukuu wake, Athena, na kutoa kitabu mwaka 2012. Familia ilidai, mashabiki walipaza sauti, na Septemba 2015 kampuni ya DC, inayomchapisha Batman, ikatangaza kwamba Finger atatambuliwa. Filamu ya Batman v Superman ya Machi 2016 ikawa ya kwanza kwenye sinema kuweka jina lake pamoja na la Kane kama waumba wa Batman. Alikuwa amekwisha kulala kaburini miaka arobaini na miwili.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hii inawahusu mashabiki mara mbili. Inamhusu mwigizaji ambaye mmemkataa kabla ya kazi yake: mpeni haki ya kuonekana kwanza, kisha kama ni wa kunyongwa, mnyongeni. Na inamhusu fundi aliyefichwa nyuma ya bango: mwandishi, mchoraji, mshonaji wa lile vazi mnalolipima masikio. Huyo hana mashabiki wa kumpigania mitaani, na mara nyingi hana mkataba wa kumlinda.

Vijana wetu wanaozipenda filamu hizi wasione haya kuzipenda. Kupenda hadithi ya mtu aliyegeuza msiba wake kuwa ulinzi kwa wanyonge si upotevu wa akili. Lakini anayempenda shujaa wa haki na ampende kwa haki. Filamu inayongojwa ikifika, lipeni kiingilio, kaeni mtazame, kisha semeni yote, tamu na chungu, bila kumwogopa mtu. Na kabla haijafika, kama ndimi zinawawasha na muda ni mrefu, kuna la maana la kufanya kuliko kugombania mwigizaji: ulizeni nani aliandika, nani alichora, nani hajalipwa. Huko ndiko sauti zenu zinakohitajika leo.