Maswali ya Mtoto Kando ya Mto

Katika mji wa Kisangani, ambako watu huhama kutoka Kiswahili hadi Kilingala na Kifaransa ndani ya mazungumzo yaleyale, mtoto wa miaka mitano hupita katika lugha zote hizo akiwa na swali moja, la kwa nini, na mzazi anayejiandaa kwenda sokoni alfajiri ndiye anayetakiwa kulijibu. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alichambua katika kitabu chake cha mwaka 1923 maswali 1,125 ya mtoto mmoja wa miaka sita, akaona kwamba mara nyingi mtoto haulizi chanzo, yaani nguvu iliyosababisha jambo, bali kusudi, yaani nia anayodhani imo ndani ya kila kitu.

Hivyo, mtoto anayetazama maporomoko ya Wagenia, yaliyo Kisangani, na kuuliza kwa nini maji yana kasi hivyo, huenda anataka kujua yanakimbilia wapi. Mzazi anaweza kumweleza kwamba mto hushuka juu ya miamba, kwamba meli zitokazo Kinshasa hukomea mjini hapo kwa sababu hiyo, na kwamba wavuvi hufunga vikapu vikubwa kwenye miti iliyosimikwa mwambani ili mkondo wenyewe uwasukumie samaki. Lakini maelezo marefu mno humchosha mtoto kabla hajafika kwenye samaki. Afadhali kumrudishia swali, "Wewe unadhani samaki anaingiaje?", na kumsikiliza hadi mwisho, hata akidai kwamba samaki huingia kikapuni kulala.