Kungoja Kilichokwisha Kuamuliwa

Katikati ya Desemba, vijana wa Marekani walio mwaka wa mwisho wa sekondari na walioomba chuo kikuu kwa utaratibu wa mapema huwa hawapati usingizi. Maombi yao yalifungwa tarehe 1 Novemba, au tarehe 15 kwa baadhi ya vyuo. Insha zimekwenda, barua za walimu zimekwenda, alama zimekwenda. Sasa chuo kimetangaza siku na saa: jibu litawekwa kwenye akaunti ya kila mwombaji saa moja jioni kwa saa za New York. Kwa aliyeko Nairobi au Dar es Salaam hiyo ni saa tisa usiku, na wapo wanaokesha kuisubiri.

Kuna jambo hapa ambalo hunikosesha raha kila msimu huu unapofika. Kufikia saa ile iliyotangazwa, uamuzi umeshafanyika. Kamati imeshakaa, imeshabishana, kila jina limeshawekwa mahali pake. Kijana hangoji tukio lijalo. Anangoja habari ya tukio lililopita. Hata hivyo anaomba, mama yake naye yuko kwenye mkeka anaomba. Wanaomba nini, ikiwa jambo lenyewe limekwisha?

Tumelelewa tukiambiwa kwamba subira huvuta heri. Hilo ni kweli pale ambapo heri bado iko njiani na inavutika. Heri ya kijana huyu, kama ipo, imefungiwa ndani ya kompyuta ya watu. Subira haiivuti wala pupa haiifukuzi. Seneca, yule Mrumi, alimwandikia rafiki yake Lucilius kwamba tumaini na hofu huenda pamoja kama mfungwa na askari waliofungwa mnyororo mmoja, na anayetaka kuondokana na hofu aache kutumaini. Ushauri huo ni safi kwa mzee aliyekwisha kupata na kupoteza mengi. Ukimpa msichana wa miaka kumi na saba, unamwambia aanze maisha kwa kujizoeza kutotaka kitu. Siwezi kumpa ushauri huo.

Michael Dummett, mwanafalsafa wa Uingereza, aliligusa swali hili katika makala ya mwaka 1964. Anamfikiria baba aliyesikia redioni kwamba meli aliyosafiri nayo mwanawe ilizama saa kadhaa zilizopita, na waliookoka ni wachache. Baba anaomba mwanawe awe miongoni mwao. Marabi wa Kiyahudi walikwisha kuihesabu dua ya namna hiyo kuwa ni ya bure: mtu akikaribia mji akasikia kilio, asiombe kisiwe kilio cha nyumbani kwake, kwa kuwa kilichotokea kimetokea. Dummett anamtetea yule baba. Hamwombi Mungu ageuze lililopita, anaomba Mungu awe alikwisha kutenda, kwa vile Mungu alijua tangu awali kwamba dua hii ingekuja. Wazee wetu wa Pwani wasingeona ajabu. Kadari imeandikwa, watakuambia, na dua yako nayo imeandikwa humo humo.

Hoja hiyo naiheshimu, na anayeamini ana pa kushika. Lakini kamati ya udahili si Mungu. Ilipokuwa ikipitia mafaili haikujua machozi ya usiku wa leo, na hata ingejua yasingehesabika. Basi kama tumaini la kijana linategemea kwamba litafika nyuma na kugusa meza ile, halina mguu wa kusimamia. Mimi nadhani lina mguu mwingine.

Binti mmoja wa ukoo wetu, aliyekuwa ameomba chuo cha huko kutoka Nairobi, alikuwa na daftari la mistari alilokuwa akiandika usiku akishamaliza kazi za nyumbani. Ukurasa wa kushoto aliandika mambo ya kwenda: koti la baridi, siku ya viza ubalozini, nani atamsomea bibi dawa zake. Ukurasa wa kulia, mambo ya kubaki: kozi za kuchagua, chumba cha kupanga na rafiki yake, nauli ya matatu. Kila usiku aliongeza kitu pande zote mbili. Mjomba wake akamwambia aachane na hayo, jambo limeshakwisha. Akamjibu kwa adabu, bila kuinua uso: “Limekwisha kwao, mjomba. Kwangu bado.”

Naona alisema kweli kamili. Uamuzi una tarehe mbili, ile ulipofanywa na ile unapomfikia mwenyewe, na hiyo ya pili si kivuli cha ya kwanza. Ndiyo siku ambayo mtu ataamka na kuanza kuishi upande mmoja wa daftari. Siku hiyo haijafika, kwa hiyo ni ya mbele kweli, na mtu ana haki ya kuitumainia na kuiogopa. Wasiwasi wake haukuwa ujinga wa kutojua kwamba jambo limepita. Ulikuwa ni kujitayarisha kwa maisha mawili wakati mtu hupewa moja tu, na hiyo ni kazi ngumu inayochosha mwili.

Ninachokataa ni uzito mwingine ambao vyuo vyenyewe vimeuongeza. Katika mfumo mmoja wa mapema, mwombaji huomba chuo kimoja na kutia sahihi, pamoja na mzazi na mshauri wa shule, kwamba akikubaliwa atakwenda na kufuta maombi mengine yote. Chuo hakiahidi chochote. Anayeweza kujifunga hivyo bila hofu ni yule asiyehitaji kulinganisha misaada ya ada. Kitabu cha wachumi cha mwaka 2003 kilionyesha kwamba kuomba mapema kulimfaa mwombaji kama vile kuongezewa takriban alama 100 kwenye mtihani wa SAT. Harvard na Princeton zilitangaza mwaka 2006 kuufuta utaratibu wao wa mapema, zikisema unawapendelea wenye nacho. Mwaka 2011 zikaurudisha. Kwa hiyo hata kungojea kwenyewe kuna matabaka.

Tena jibu haliji na sababu. Mtahiniwa wa kidato cha nne anakumbuka alichoandika na anaweza kukisia. Hapa kamati inaunda darasa zima, na huenda mwaka huo ilimhitaji mpiga tarumbeta zaidi ya mshairi. Kijana asiyeambiwa hayo hurudia insha yake sentensi kwa sentensi akitafuta kosa, na mara nyingi kosa halipo. Zamani bahasha nene ilimaanisha umepokelewa, nyembamba umekataliwa. Siku hizi wengine humwagiwa karatasi za rangi kwenye skrini na wengine husoma aya mbili za upole. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomwambia mtu yeye ni nani.

Halafu kuna jibu la tatu, ambalo watu hulionea uchungu kuliko kukataliwa: umeahirishwa, faili lako litasomwa tena pamoja na ya wengine, jibu mwishoni mwa Machi. Mimi naliona kwa jicho jingine. Aliyeahirishwa ndiye pekee ambaye uamuzi wake kweli haujafanyika. Kwake ile methali ya subira inarudi kuwa na maana, kwa sababu kuna cha kuvuta: Januari shule itatuma alama zake za nusu mwaka, na vyuo vingi humruhusu aandike barua moja fupi kusema bado anataka nafasi, na amefanya nini tangu Novemba.