Kabla Hujamlipia Mwanao Ada ya Udaktari Nje

Wazazi wenzangu, Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 24, 2022, maelfu ya wanafunzi wa udaktari kutoka India, Nigeria, Tanzania na kwingineko walikuwa bado mabwenini. Mjini Sumy, karibu na mpaka wa Urusi, maji na umeme vilikatika, vijana wakawa wanakusanya theluji kwenye ndoo na kuiyeyusha wapate maji. Mabasi yalikuja kuwatoa Machi 8, kuelekea Poltava.

Siwalaumu hata kidogo. Ada ya kule ilikuwa nafuu, masomo yalitolewa kwa Kiingereza, na aliyekosa nafasi nyumbani alipokelewa. Mwanangu angelilia udaktari nikasikia habari hizo, huenda nami ningeuza kiwanja.

Lakini dalili zilikuwepo. Mashariki mwa nchi hiyo vita ilikuwa ikiendelea tangu 2014. Majuma machache kabla ya uvamizi, Marekani na Uingereza ziliwaambia raia wao waondoke. Februari 15 ubalozi wa India mjini Kyiv nao ukawashauri wanafunzi wasio na ulazima wa kubaki warudi kwao. Vyuo vingi viliendelea na vipindi vya darasani, na kwa kuhofia mahudhurio, wengi wakaona bora wamalize muhula kwanza.

Dalili nyingine ilikuwa kwenye makaratasi, na ndiyo inayonisumbua zaidi. Novemba 2021 India ilitoa kanuni kwamba anayesomea udaktari nje amalize kozi yote, pamoja na utarajali wa miezi 12, katika chuo kilekile. Miezi mitatu baadaye masomo yalivurugika. Waliorudi walibisha hodi vyuo vya nyumbani, wakaambiwa sheria hairuhusu. Wakafika hadi Mahakama ya Juu. Masharti yalilegezwa baadaye, lakini muda ulikuwa umeshapotea.

Hata pasipo vita, Kiingereza cha darasani huishia mlangoni mwa wodi. Mgonjwa wa Ukraine hueleza maumivu yake kwa Kiukraine au Kirusi.

Tanzania nayo ina masharti yake: tuzo ya nje hutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), na mhitimu hufanya mtihani wa Baraza la Madaktari Tanganyika kabla ya utarajali. Twendeni tukaulize huko kwanza, wakala anayetutafutia vyuo vya nje asubiri. Naye aulizwe, chuo kikifungwa mwanangu akiwa mwaka wa tatu, atahamia wapi, na ada niliyokwisha kulipa atairudisha nani?